Swichi iamuru, relai ibebe mzigo

Mazungumzo ya ekipe ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama, mashofere na wafadhili wa chama, Baraka



Tumeombwa kusema juu ya taa za gari. Tunajua kuna wanaojiuliza moyoni: watu wametoka Mboko, wengine wametoka Kazimia, halafu tunakaa kusikiliza habari ya nyaya? Ndiyo, tunakaa kuisikiliza. Gari tunayo moja tu, na tangu mwezi uliopita haitoki usiku. Leo mkutano huu unapaswa kukata shauri kama itatoka tena, na kwa masharti gani. Mutu hawezi kukata shauri juu ya kitu asichokielewa. Njo maana tunataka kila mmoja, hata yule ambaye hajawahi kushika bisibisi, atoke hapa akijua taa za kuongeza zinafungwa namna gani, na zikifungwa vibaya zinaleta nini.

Tuanze na sababu. Tuliporudi kutoka Tanzania, wengine wakitoka Nyarugusu, wengine Lugufu, tulikuta barabara munayoijua. Mvua ikinyesha, shimo la jana linakuwa kisima leo, na daraja la miti linaweza kuwa limepoteza mti mmoja bila mutu kuweka alama. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, mtoto akipata degedege ya malaria, haingoji asubuhi. Taa za kampuni zilizokuja na gari zinaonyesha mbele kidogo. Taa za kuongeza zinaonyesha mbali zaidi, na shofere anapata nafasi ya kufunga breki kabla ya shimo. Kwa hiyo wazo la kuongeza taa lilikuwa wazo zuri, na mfadhili aliyetoa taa zile mbili alifanya vema. Tatizo halikuwa taa. Tatizo lilikuwa njia ambayo umeme ulipitishwa kuzifikia.

Muliosikia habari ya mwezi uliopita musikie sasa yenyewe ilivyokuwa. Gari ilikuwa inamleta mama mwenye uchungu kutoka upande wa Fizi kuja hospitali hapa Baraka. Mvua ilikuwa inanyesha. Shofere alisikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi mdogo ukatoka chini ya usukani, kisha taa zote zikazimika kwa mara moja: za kampuni na za kuongeza. Wenzetu wawili walishuka, wakatembea mbele ya gari na tochi za simu, gari ikawafuata polepole kama jeneza. Mama alifika, mtoto akazaliwa muzima, Mungu asifiwe. Lakini njia ya dakika chache iligeuka kuwa njia ya masaa, na hakuna mutu hapa anayeweza kuahidi kwamba mara nyingine itamalizika vile.

Tulipofungua kule chini ya usukani, tulikuta hivi. Yule aliyefunga taa za kuongeza, katika garaji moja kabla gari haijafika mikononi mwa chama, alichukua waya wa taa za mbali za kampuni, akauchuna, akaunganisha taa mbili mpya juu yake, akafunga utepe mweusi. Kazi ya nusu saa. Taa ziliwaka vizuri na kila mutu alifurahi. Tena fizibu ya kampuni ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa kipande cha waya wa shaba. Pengine ilikuwa inakatika kila mara, mutu akachoka kuinunua. Ile fizibu ilikuwa inasema ukweli, nao wakaifunga mdomo.

Sasa hesabu, na tunaomba wanafunzi wa shule watusaidie. Nguvu ya taa inahesabiwa kwa wati. Ukigawa wati kwa volti, unapata mkondo, yaani amperi, wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Gari yetu inatumia volti 12. Taa za mbali za kampuni ni mbili, kila moja wati 60. Pamoja ni wati 120. Gawa kwa 12: amperi 10. Mkono wa swichi pale kwenye usukani ulitengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Taa za kuongeza ni mbili za wati 100. Pamoja ni 200. Gawa kwa 12: karibu amperi 17. Kwa hiyo ule mkono mdogo, wenye vipande vya shaba vidogo kama ukucha, ulibebeshwa amperi 27 badala ya 10.

Na joto haliongezeki kwa hesabu ya kawaida. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Ukizidi karibu mara tatu, kama hapa kwetu, joto linazidi mara saba hivi. Plastiki inalainika, shaba inakuwa nyeusi, na shaba ikiwa nyeusi inazidi kuchemka. Inaweza kuchukua miezi. Siku inayokatika ni siku ambayo taa zimewaka muda mrefu bila kuzimwa, na hiyo ndiyo siku ya safari ndefu ya usiku.

Kuna hasara nyingine isiyo na moshi. Waya mwembamba unakula volti njiani. Betri inatoa 12, taa inapokea 11 au chini yake. Na taa ya kawaida ya halojeni ni kitu chenye wivu: ukiipunguzia volti kwa sehemu moja ya kumi, inapunguza mwangaza karibu sehemu tatu za kumi. Kwa hiyo mfadhili alilipa taa ya wati 100, sisi tukaona mwangaza wa taa ndogo kuliko ile, na swichi ikaungua juu yake.

Dawa ya mambo hayo ni kitu kidogo kinachoingia katika kiganja. Wale waliojifunza kazi upande wa Kigoma wanakiita rilei, hapa kwetu tunasema relai. Muangalie kapita pale bandarini, boti linapofika na mifuko ya saruji. Kapita habebi mfuko. Anasema neno, na wabeba mizigo wanabeba. Relai inafanya kazi kwa namna ile. Ndani yake kuna bobini, waya mwembamba uliozungushwa. Umeme kidogo ukipita ndani ya bobini, chini ya robo ya amperi, bobini inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na kipande kile kinafungua njia nene ambamo umeme mkubwa unatoka kwenye betri moja kwa moja kwenda kwenye taa. Swichi ya shofere inapitisha ile robo tu. Mzigo unabebwa na relai. Kama mutasahau mengine yote, mukumbuke hili: swichi iamuru, relai ibebe.

Kwa mashofere na mekanisie waliopo hapa, tuifuate njia yote, hatua kwa hatua.

Mbele ya yote, ondoa waya wa hasi kwenye betri. Usifanye kazi gari ikiwa na umeme ndani.

Kutoka chanya ya betri, toa waya wa milimita 4 za mraba. Karibu sana na betri, isizidi urefu wa shubiri moja, weka fizibu ya amperi 25. Wengine wanaiweka kule mbele karibu na taa wakifikiri inalinda taa. Hapana. Fizibu inalinda waya. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fizibu haina mlinzi; ikigusa chuma, inawaka moto. Kwa hiyo sehemu ile iwe fupi.

Kutoka fizibu, waya uende kwenye relai ya amperi 40. Relai iko na miguu minne yenye namba, na namba hizo ni zilezile karibu kwa watengenezaji wote: 30, 87, 85 na 86. Waya wa betri unaingia 30. Waya wa kwenda kwenye taa unatoka 87, nao uwe wa milimita 4 vilevile. Relai ifungwe miguu ikiangalia chini, maji yasikae ndani, na iwe mbali na joto la masini.

Hasi ya taa, ile tunayoita masi, isifungwe juu ya rangi wala juu ya kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza bulongi, pakaa grisi. Bora zaidi ni kurudisha waya wa masi mpaka hasi ya betri. Gari zetu zinavuka maji kila wiki, na masi mbaya ndiyo sababu ya taa nyingi zinazopepesa.

Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma, weka mpira. Bila mpira, mtikisiko wa barabara hii unachuna waya kama kisu, na haitachukua mwaka.

Tumefika kwenye swichi. Mutu anaweza kutoboa dashibodi na kuweka swichi ya sokoni. Sisi tunashauri isifanyike. Dashibodi yetu iko na swichi ya kampuni ya taa za ukungu, na gari haina taa za ukungu. Swichi hiyo imekaa bure. Iko mahali ambapo mkono wa shofere unaipata gizani bila kuangalia, iko na kataa kadogo kanakoonyesha imewashwa, na vumbi haliingii ndani kwa urahisi. Kwa kuwa itabeba robo ya amperi tu, itaishi miaka. Lakini miguu yake ipimwe kwanza kwa kipimo cha volti, mutu asikisie.

Swichi hiyo isiwe peke yake. Tunataka taa za kuongeza ziwake pale tu ambapo mambo mawili yametimia: shofere amewasha taa za mbali, na swichi ya dashibodi imefungwa. Akipunguza taa kwa ule mkono wa usukani, za kuongeza zizimike papo hapo pamoja na za mbali. Asianze kutafuta swichi mbili wakati mutu yuko mbele yake.

Hapa kuna mtego, na tunaomba mekanisie wasikilize vizuri. Kwenye gari nyingi, swichi ya taa kubwa inakata upande wa chanya. Kwenye Land Cruiser nyingi za aina yetu ni kinyume: chanya inafika kwenye taa mara taa zinapowashwa, na swichi inakata upande wa masi. Mutu asiyejua anachukua waya wa taa za mbali, anauweka kwenye mguu wa 86, anapeleka 85 kwenye masi, halafu anashangaa: akiwasha taa za karibu, za kuongeza ndizo zinataka kuwaka, akiwasha za mbali, zinazimika. Anasema relai mbovu, ananunua nyingine. Relai ni nzima. Kwa gari ya namna hiyo, 86 inapata chanya kutoka ule waya wa pamoja wa taa kubwa, ukipitia swichi ya dashibodi, na 85 inafungwa kwenye waya wa taa za mbali. Taa za mbali zikiwashwa, waya ule unapata masi, bobini inavuta, taa zinawaka. Kabla ya kukata waya wowote, weka kipimo na uangalie gari yako ni ya namna gani.

Kazi ikiisha, kuna majaribio mawili. Washa masini, washa taa zote kwa dakika kumi, kisha gusa fizibu, relai, swichi na kila kiungo. Uvuguvugu si kitu. Kama unaondoa mkono kwa kuungua, kiungo kile kirudiliwe. Halafu pima volti kwenye betri, na pima kwenye taa yenyewe ikiwa inawaka. Tofauti isizidi nusu ya volti. Majaribio haya hayahitaji injinia kutoka Bukavu. Yanahitaji kipimo kimoja na mutu mwenye subira.

Wengine wameuliza kuhusu taa za LED. Ni nzuri, zinakula umeme kidogo. Lakini nazo zipite kwenye relai na fizibu vilevile. Na zile za bei ya chini sana zinaweza kuleta kelele kwenye redio ya VHF. Gari yetu inategemea redio mahali ambapo simu haishiki, kwa hiyo zijaribiwe redio ikiwa imewashwa kabla ya kulipwa.

Tuseme pia juu ya wale wasiopanda gari. Barabara ya kando ya ziwa haina njia ya waenda kwa miguu. Usiku kuna wavuvi wanaotoka au wanaokwenda kwenye ndagala, kuna kijana wa baiskeli bila taa, kuna mama na mzigo kichwani. Ukimpiga na wati 320 machoni, kwa sekunde kadhaa haoni kitu, na anaweza kuingia upande wa gari akifikiri anatoka. Hali ni mbaya zaidi kwa gari zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, kama zile zinazovuka kutoka Tanzania. Taa zao za karibu zinainua mwangaza upande wa kushoto, na kwetu Kongo, tunapoendesha kulia, upande huo ndiko wanakotoka wenzetu. Kwa hiyo hata taa za karibu zielekezwe upya. Shofere wa chama akiona mutu, apunguze mapema.

Na jambo hili tunalisema bila kuzunguka: taa nzuri si ruhusa ya kutembea usiku. Usalama wa njia ni hesabu nyingine, na taa haiwezi kuijibu. Gari itoke usiku kwa mgonjwa ambaye muganga au mkunga amesema hawezi kungoja, na baada ya kuuliza hali ya njia.

Ndugu wafadhili, neno hili ni lenu. Katika karatasi za matumizi tunaona mara nyingi mstari mmoja: taa 2. Hatuoni mstari wa relai, wa fizibu, wa waya mnene, wa mpira, wala wa siku moja ya mekanisie anayejua kazi. Vitu hivi vyote pamoja havifiki bei ya tairi moja ya gari ile. Lakini kwa kuwa havikuandikwa, mekanisie anapewa taa na kuambiwa afunge, na anafunga kwa kile alicho nacho: kipande cha waya na utepe. Hatumtetei, lakini tunamuelewa. Tunawaomba: mukitoa taa, mutoe njia yake yote. Na muombe muonyeshwe yale majaribio mawili, si picha ya taa zikiwaka. Hata zile za kwanza ziliwaka kwenye picha.

Wanachama, ninyi munasema, na wamesema kweli, kwamba mfuko wa chama ni mchango wa kila mwezi wa watu wasio na kitu kingi. Kuna mzee aliyetuambia: "Muondoe hizo taa, turudilie zile za kampuni, tusitafute moto." Tunamheshimu. Swichi ya usukani imekwisha kubadilishwa, taa za kampuni zinawaka, na gari inaweza kwenda vile. Lakini itakwenda usiku ikiona karibu tu, kwenye madaraja tunayoyajua. Mawazo yetu ni haya, na kura ni yenu.

Kwanza, gari isitoke usiku mpaka njia mpya ya umeme imefungwa jinsi tulivyoeleza. Pili, kazi isilipwe yote mpaka majaribio mawili yamefanyika mbele ya wajumbe wawili wa komite, mmoja wao akiwa shofere. Tatu, mchoro wa nyaya uandikwe kwenye karatasi, upakwe plastiki, ukae ndani ya gari, ili mekanisie wa kesho asianze kuchuna nyaya akitafuta. Nne, fizibu nne za akiba zikae ndani ya gari siku zote. Na fizibu ikikatika mara mbili, gari isimame na itafutwe sababu. Mutu akionekana ameweka kipande cha waya mahali pa fizibu, jambo lake liletwe mbele ya komite kama jambo la kuiba, kwa sababu anachoiba ni usalama wa mgonjwa.

Vifaa tumevileta, viko pale mezani: relai moja iliyofunguliwa muone ndani, fizibu, waya wa milimita 4, na ile swichi iliyoungua. Tunaomba wamama mutangulie kuishika ile swichi, kwa sababu ninyi ndio munaobebwa na gari hii usiku. Halafu tutapokea maulizo, na baadaye Bwana Rais ataita kura.